Risasi Ina Risasi

Bwana Hangi alikileta kabla sijawasha jenereta,
kijitabu chembamba, bado kinanuka plastiki,
kurasa kumi na mbili, Kifaransa huku, Kijerumani kule.
"Daktilo, nitolee Kiswahili chake. Cha kueleweka.
Masentineli wangu ni kumi na sita. Kesho wote waweke sahihi."
Nilitaka dola ishirini. Akatoa kumi na nane,
moja imechanika kwenye kona,
na noti ya namna hiyo Birere nzima haiipokei.

Ukurasa wa kwanza: "Hongera kwa ununuzi wako."
Niliandika hongera. Nikafuta. Nikaandika tena.
Mimi hulipwa kwa ukurasa.

"Ihesabu kila bunduki kuwa ina risasi."
Hilo hatukungoja kijitabu.

"Usielekeze mdomo wake kwa kitu usichotaka kukiharibu."
Mdomo. Lugha yetu imeipa bunduki mdomo,
ikaipa na kitako, ikaikaribisha ikae
kama shemeji aliyekuja kwa siku mbili.
Sikio ndilo hatukuipa.

"Ziba masikio yako wakati wa kufyatua."
Usiku wa milio mama alituziba kwa viganja.
Sisi sita, viganja viwili.
Alikuwa akizunguka.

Kisha ukurasa wa tano:
"Osha mikono kwa sabuni baada ya kushika risasi,
kwa sababu risasi ina..."
Hapo nikakwama. Kifaransa kina maneno mawili,
moja la kinachochimbwa, moja la kinachoruka.
Sisi tuna hilo hilo.
Risasi ina risasi.
Nililisoma kwa sauti, na Kavugho wa fotokopi
akaegemea mashine kwa kicheko: "Na ugali una ugali!"
Nikajaribu madini ya risasi. Nikajaribu sumu ya risasi.
"Mama mjamzito asiiguse. Humdhuru mtoto tumboni."
Kavugho ana miezi sita. Akarudi kupanga karatasi.

Ukurasa wa saba kuna kitufe, jina lake usalama.
"Usiutegemee usalama peke yake."
Sikubadilisha neno.

Saa tisa mafuta ya jenereta yakaisha,
nikaendelea kwa mkono, biki na mshumaa,
hadi ukurasa wa mwisho: "Dhamana hii
ni ya maisha yote ya mnunuzi wa kwanza."
Nikampigia Bwana Hangi. Maisha ya nani,
yako uliyenunua, au ya yule anayeishika?
Kimya. Nje chukudu ikashuka na makala,
nikaisikia inavyogonga mawe ya volkeno, jiwe hadi jiwe.
"Andika ilivyo," akasema.
Kisha kwa sauti nyingine, kama mtu aliyeketi chini:
"Walikuwa kumi na wanane.
Batachoka alikuwa anaisafisha, pale bohari ya simenti.
Mbusa amekaa mbele yake, anakula andazi.
Alidhani haina kitu.
Kijitabu kilikuwa ndani ya boksi, Daktilo.
Hata nailoni yake haijapasuliwa."

Sikumdai noti nzima badala ya ile.

Walikuja asubuhi, buti zina vumbi jeusi,
wakapanga mstari hadi kwa muuza simu.
Saba waliandika majina. Tisa walitaka kidau cha wino.
Mmoja wao, mzee wa ndevu haba,
akashika karatasi juu chini, akanirudishia:
"Nisomee moja tu. Fupi."
Nikatafuta fupi.
Risasi ina risasi, nikasoma.
Akatikisa kichwa polepole. "Hiyo naijua. Nyingine?"
Nikasoma ya kuosha mikono.
Akatazama kidole gumba chake, zambarau hadi kwenye ukucha,
akauliza kama sabuni ipo.

Ilikuwepo, kipande. Kavugho akaleta beseni.
Wakanawa wote kumi na sita, hata walioandika kwa biki,
na maji hayakutakata, na hakuna aliyeharakisha.